Pikipiki Kuukuu: Itengenezwe au Ibadilishwe?

Pikipiki inayopanda Mgeta na kurudi Morogoro mjini na magunia ya mboga huchakaa upesi kuliko ya tambarare. Mlima hula klachi na cheni. Mteremko hula breki. Vifaa hivi ni vya kuchakaa, na kuvibadilisha si sababu ya kuuza chombo.

Injini hupimwa kwa dalili. Moshi wa buluu na oili inayopungua bila kuvuja mara nyingi huonyesha kuwa ringi, pistoni au silinda imelika. Ikiwa sehemu nyingine ni nzima, kuifungua injini na kubadilisha kilicholika huweza kuirudishia nguvu.

Chesisi ni jambo zito zaidi. Ufa karibu na shingo ya usukani, hata uliochomelewa, unaweza kufunguka kwenye mteremko. Namba ya chesisi imo kwenye kadi ya usajili, hivyo kubadilisha chesisi si kazi ya gereji pekee.

Mwisho ni hesabu: gharama za matengenezo za miezi 12, pamoja na siku zilizopotea gereji, zilinganishwe na bei ya pikipiki nyingine baada ya kutoa pesa za kuuza ile kuukuu. Uharibifu uleule ukijirudia baada ya matengenezo mazuri, kubadilisha pikipiki huenda ikawa nafuu.