Nyufa za Dashibodi: Chanzo, Tiba na Kinga

(Mazungumzo kwa makatibu, wajumbe wa kamati na madereva wa vyama vya msingi, Kibondo)



Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo hutajwa mara nyingi katika mikutano, lakini ni nadra kutajwa mbele ya gari la chama. Gari hilo limenunuliwa kwa senti zilizokatwa katika kila kilo ya tumbaku, kahawa na maharage ya mwanachama. Dereva akiona ufa juu ya dashibodi hudhani ni kazi ya katibu. Katibu naye hudhani ni kazi ya dereva. Na kamati hupata habari ufa ukiwa umekwisha kuwa shimo. Ndivyo mali ya wote inavyoharibika mbele ya macho ya wote.

Magari ya zamani sana hayakuwa na tatizo hili. Land Rover zilizotangulia zilikuwa na bamba la chuma mahali pa geji, na chuma hushika kutu lakini hakipasuki kwa jua. Land Rover ya Series III, iliyotoka mwaka 1971, ilikuja na dashibodi ya plastiki. Mabadiliko ya namna hiyo yalienea duniani kwa sababu ya usalama. Nchini Marekani, kanuni iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1968 ilitaka sehemu za ndani ya gari ziweze kupunguza madhara kwa abiria anayezigonga kichwa wakati wa ajali. Hivyo magari mengi yakavikwa sponji yenye ngozi ya plastiki juu yake. Ngozi ikipasuka na sponji ikikauka, kinga hiyo hupungua, na kingo za ufa hubaki zikiwa kali. Aidha, vumbi hupenya hadi kwenye nyaya na geji. Dereva asiyeweza kuiamini geji ya joto anaweza kuunguza injini nzima.

Chanzo cha nyufa ni nini? Ngozi ile ya plastiki imechanganywa na dawa ya kulainisha. Jua likiipiga kwa miaka mingi, dawa hiyo hutoka kidogo kidogo kwa joto. Sehemu yake huonekana kama ukungu wa mafuta upande wa ndani wa kioo cha mbele. Ngozi ikipungukiwa na dawa hunywea na kuwa ngumu. Mchana hutanuka kwa joto, usiku hujikunja kwa baridi ya nyanda za juu, na asubuhi hutikiswa na barabara ya changarawe. Hatimaye hukatika, hasa karibu na skrubu na matundu ya hewa.

Mwaka 2018 wataalamu katika jimbo la Arizona, Marekani, walitangaza vipimo vya magari yaliyoegeshwa siku za joto kali. Baada ya saa moja juani, dashibodi zilifikia wastani wa nyuzi 69 za Selsiasi. Za magari yaliyokuwa kivulini zilifikia nyuzi 48. Kibondo haina joto la jangwa lile, lakini iko karibu na ikweta, na mwezi Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita juu ya utosi. Tofauti ile ya nyuzi 21 haikuletwa na mtambo wowote, bali na kivuli peke yake.

Kwa hiyo kinga ianze kabla ya tiba. Gari liegeshwe bandani au chini ya mti. Pasipo na kivuli, kioo cha mbele kielekezwe mbali na jua, na dashibodi ifunikwe kwa boksi lililokunjuliwa au kitambaa kizito, kisha kifuniko kiondolewe kabla ya safari. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo; kitambaa kikavu hukwaruza. Petroli, mafuta ya taa na mafuta ya breki visiguse plastiki kamwe. Mafuta ya kung'arisha nayo yaepukwe, kwani mng'ao wake huakisi kwenye kioo na kumzuia dereva kuona njia. Wala dashibodi si rafu ya kuwekea madaftari, mawe ya mizani na vipuri.

Ufa ukiwa mdogo, fundi wa hapa hapa aweza kuutibu. Kwanza atenganishe waya hasi wa betri. Asafishe ufa na kuuacha ukauke kabisa. Plastiki ikiwa ngumu, atoboe tundu dogo kwa keekee mwisho wa ufa ili usiendelee. Akate kingo zilizoinuka, apitishe msasa, kisha ajaze gundi inayonyumbuka kama mpira, tabaka jembamba baada ya jingine, kila moja likauke kwanza. Fila ngumu ya bodi haifai, kwa kuwa haitanuki pamoja na plastiki, na baada ya muda mfupi hupasuka pembeni. Mwisho apige msasa laini na rangi ya plastiki isiyong'aa.

Nyufa zikiwa nyingi, ni afadhali fundi wa viti vya magari aivike dashibodi yote ngozi mpya ya rangi nyeusi isiyong'aa. Lakini kwa magari yenye mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali, kifuniko cha mfuko huo kisigandishwe gundi wala kuvikwa kitu, kwani waweza kushindwa kufunguka au kurusha vipande usoni mwa abiria.

Linalobaki ni wajibu. Kila chama kingefanya vema kuandika katika daftari la gari mambo matatu: jina la mwenye dhamana ya ukaguzi wa kila mwezi, urefu wa kila ufa siku ulipoonekana, na tarehe ya matengenezo. Ufa ulioandikwa urefu wake hauwezi kukua kwa siri. Na siku gari litakapouzwa kwa mnada, mwanachama aliyekatwa senti zake atakuwa na haki ya kusoma daftari hilo na kuona kama mali yake ilitunzwa.