Nafasi Tupu Juu ya Maji: Lambo la Udongo na Mafuriko ya Makorongo ya Dodoma



Katika semina hii nimeombwa nizungumzie lambo dogo la udongo kama njia ya kupunguza mafuriko. Hapa kwetu mada hii ina ugumu wake. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na jua letu lina uwezo wa kukausha zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Ndiyo maana mwanakijiji akisikia lambo linajengwa, anafikiria ng'ombe, kufua na bustani, na anataka lijae pomoni. Anayelima bondeni chini ya tuta, au anayetunza reli, anataka kinyume chake: siku mvua kubwa inapopiga, lambo liwe bado na nafasi. Wote wawili wana haki, na tuta ni lile lile moja.

Tupige hesabu kidogo. Chukua korongo linalokusanya maji ya eneo la kilometa za mraba 10. Mvua ya milimita 50 inyeshe alasiri moja, na theluthi yake itiririke. Hizo ni zaidi ya mita za ujazo 160,000, na kwenye ardhi yetu yenye ganda gumu, iliyoachwa wazi na kiangazi kirefu, hufika bondeni ndani ya saa chache. Lambo lenye nafasi ya mita za ujazo 100,000 litapokea sehemu kubwa ya maji hayo na kuyaachia taratibu. Lambo hilo hilo likiwa limejaa hadi utoroni, yaani kwenye njia ya kutorosha maji yaliyozidi, litapunguza kishindo kidogo sana. Kwa mtu wa mafuriko, thamani ya lambo imo katika ile nafasi tupu iliyo juu ya maji.

Nafasi hiyo inaweza kulindwa bila kumnyima mfugaji. Bomba la kutolea maji huwekwa katika kimo kilichokubaliwa. Maji yaliyo chini ya bomba hubaki kwa ajili ya mifugo. Yaliyo juu yake hutoka yenyewe kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na lambo likawa tayari kwa mvua inayofuata. Juu zaidi, pembeni mwa tuta, unakaa utoro wa maji kwa ajili ya mvua zilizozidi. Marekani ilijenga lambo lake la kwanza la mpango wa namna hii mwaka 1948 katika kijito cha Cloud Creek, jimbo la Oklahoma, na leo yako zaidi ya 11,000. Sharti walilojiwekea nitalirudia baadaye, maana linatugusa.

Adui mkubwa wa nafasi hiyo ni mchanga na tope. Jambo hili lilipimwa hapa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Anders Rapp na wenzake, katika utafiti wa pamoja wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Uppsala, Uswidi, walichunguza mabwawa manne ya jirani na mji huu: Ikowa, Msalatu, Imagi na Matumbulu. Matumbulu, lililojengwa 1960, lilikuwa likipokea kiasi cha mita za ujazo 700 za udongo kwa mwaka kutoka kila kilometa ya mraba ya ardhi inayolimwagia maji. Ikowa, la mwaka 1957, lilikadiriwa kuwa na uhai wa miaka 30 hivi. Rudini sasa kwenye lambo letu la mfano. Kwa kiwango cha Matumbulu, kilometa za mraba 10 zinaleta mita za ujazo 7,000 kila mwaka. Lambo la 100,000 linajaa udongo ndani ya miaka 15. Mtoto aliyezaliwa siku ya uzinduzi hatamaliza sekondari kabla lambo halijawa shamba la mchanga, na maji ya mvua yatapita juu yake kama zamani.

Hasara ya lambo kujaa udongo haiishii kijijini. Makorongo ya Chamwino, Dodoma na Mpwapwa huingia mto Kinyasungwe, ambao ukielekea Kilosa huitwa Mkondoa. Reli ya kati, iliyofikishwa Dodoma na Wajerumani mwaka 1910, imefuata bonde la mto huo kati ya Gulwe na Kilosa. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliikata reli katika kipande hicho, treni zikasimama kwa miezi, na maelfu ya watu wa Kilosa wakaishi kwenye mahema. Bwawa la Kidete, ambalo lingeyapunguza maji kasi, nalo lilivunja kingo zake. Tangu hapo wataalamu wengi, wakiwamo wa shirika la Japani la JICA, wamelichunguza bonde hilo ili kuikinga reli. Naamini kinga hiyo ianzie huku juu, na kwamba anayefaidika kule chini achangie matunzo ya malambo ya huku. Si haki kijiji cha Chamwino kibebe peke yake gharama ya kuzibua bomba linaloiokoa reli ya taifa zima.

Kuhusu tuta lenyewe nitasema yale yanayoua. Tuta la udongo likipitiwa na maji juu, huliwa kuanzia mteremko wa nyuma na linaweza kwisha usiku mmoja. Kwa hiyo utoro uchongwe kwenye ardhi ya asili, pembeni, uwe mpana, na usizibwe kamwe. Najua kishawishi cha kupanga viroba vya mchanga utoroni mwezi Machi ili maji yaongezeke. Kila kiroba kinakula ule urefu wa tuta uliowekwa kwa ajili ya usalama. Udongo mweusi wa mbuga nao una hila: wakati wa kiangazi hupasuka, na maji ya mvua ya kwanza hupenya kwenye nyufa. Ukitumika, ukae katikati ya tuta, ufunikwe na udongo mwekundu ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka ukiwa na unyevu wa kutosha. Tuta lipandwe nyasi. Miti isiachwe imee juu yake, maana mizizi ikioza huacha njia za maji. Vichuguu navyo vichimbuliwe mapema.

Udogo wa bwawa usitufariji. Tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo la shamba binafsi huko Solai, Nakuru, Kenya, lilipasuka usiku na kuua zaidi ya watu 40. Aprili 2024 huko Mai Mahiu, Kenya hiyo hiyo, tuta la reli ya zamani ambalo kalvati lake lilikuwa limeziba liligeuka bwawa ambalo hakuna aliyelijenga, likaachia, na maafa yakawa makubwa vile vile. Sheria yetu ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inamtwisha mwenye bwawa wajibu wa usalama wake. Lakini lambo likishakabidhiwa na mradi, mwenyewe ni nani: kijiji, halmashauri, au ofisi ya maji ya bonde? Swali hilo lijibiwe kwa maandishi siku ya makabidhiano, na mtu atajwe kwa cheo chake.

Sasa lile sharti la Wamarekani. Sheria yao ya mwaka 1954 ilitaka wamiliki wa angalau nusu ya ardhi iliyo juu ya lambo wakubali kwanza kuhifadhi udongo. Sisi tuna historia yetu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa. Nyasi na miti vilirudi, makorongo mengi yakatulia. Wafugaji waliumia pia, na sipendekezi amri kama ile. Leo Kongwa na Mpwapwa wapo wakulima wanaolea visiki hai mashambani na kuchimba makinga maji kwa hiari yao, na miti inarudi mifugo ikiwapo.

Naomba semina hii iazimie kwamba katika mkoa huu tingatinga lisiingie korongoni kabla wenye ardhi ya juu hawajatia saini mpango wa kuhifadhi udongo, kimo cha bomba hakijakubaliwa na wafugaji pamoja na wa bondeni, na bajeti ya matunzo ya kila mwaka haijatengwa. Kijiji kisicho tayari kwa hayo kisubiri, na fedha ziende kwa kilicho tayari.