Ng'ombe wa Udongo na Motokaa ya Dukani

Jioni hii nimekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wazima wengi hulidharau, nalo ni vitu vya kuchezea watoto. Huenda mmoja wenu akasema, "Je, bwana huyu hana la kunena ila michezo ya watoto?" Ndugu yangu, nistahimilie kidogo. Mimi nami nilikuwa na mawazo kama yako, mpaka siku moja nilipofundishwa na mtoto.

Zamani nilikuwa mwalimu katika kijiji kimoja cha upande wa Bariadi, mji ambao tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Darasani mwangu alikuwamo mvulana mmoja ambaye hesabu za kutoa zilimshinda kabisa. Nikiandika ubaoni 17 toa 12, yeye hutazama dirishani. Siku moja uvumilivu ulinishinda, nikamwita mzembe mbele ya wenzake wote.

Jioni ya siku ile ile nilipita karibu na kwao, nikamkuta nyuma ya nyumba amechutama mbele ya zizi la vijiti lililojaa ng'ombe wa udongo. Nikasema moyoni, "Naam, hiki ndicho kinachompotezea masomo." Lakini kabla sijafumbua kinywa nilimsikia akisema na mwenzake, "Ninao 17. Nikitoa 12 kwa mahari ya kaka, wamebaki 5. Wakizaa ndama 3, nitakuwa nao 8." Kisha akaniona, akaruka juu kwa hofu, akasema, "Shikamoo, mwalimu," na kwa mikono yake akawafunika ng'ombe wake nisiwavunje.

Wasikilizaji wangu, ile mikono sijaisahau hata leo. Nilimwomba anionyeshe kundi lake, na asubuhi yake nikamwambia awalete ng'ombe shuleni. Sisemi kwamba alipata kuwa wa kwanza darasani. Lakini hesabu za kutoa hazikumshinda tena, wala mimi sikumwita tena mtoto yeyote mzembe kwa sababu ya mchezo.

Sasa tazameni kazi iliyomo katika ng'ombe mmoja wa udongo. Udongo mweusi wa mbuga zetu ukinyeshewa huvimba, ukikauka hupasuka. Basi mtoto hujifunza kuuchanganya na mchanga kidogo, na kumwanika ng'ombe wake kivulini wala si juani. Pembe ndizo hukatika kwanza, kwa hiyo mwenye akili huchomeka miiba badala yake. Hakuna aliyemwandikia kanuni hizo. Pembe zilizokatika ndizo zilizomfundisha.

Na dada yake je? Yeye huchukua gunzi la mahindi, akalivika kitambaa, akalibeba mgongoni kama mama abebavyo mwanawe. Wavulana wengine huunda magari ya mabua ya mtama au ya waya, na magurudumu wakayakata katika ndala zilizochakaa. Nao mpira hufanywa kwa matambara yaliyofungwa kwa kamba barabara, hata ukaweza kupigwa tangu adhuhuri mpaka magharibi.

Msidhani kuwa mambo haya ni ya kwetu tu. Katika Iraki na Misri wachimbuaji wa mambo ya kale wamefukua wanyama wadogo wa udongo na wa mti wenye magurudumu, waliofanyizwa maelfu ya miaka iliyopita, na wataalamu husadiki ya kuwa baadhi yao walikuwa vichezeo vya watoto. Tena katika nchi ya Denmark, katika mji mdogo wa Billund, alikuwako seremala aliyeitwa Ole Kirk Christiansen. Mwaka 1932, kazi ya ujenzi ilipokuwa haba, alianza kuchonga vichezeo vya mti. Baadaye kiwanda chake kikageukia plastiki, na mwaka 1958 kikaandikisha tofali dogo la kuchezea linaloshikamana na mwenziwe. Matofali 6 tu ya namna moja, yenye vitovu 8 kila moja, yaweza kuunganishwa kwa njia zaidi ya milioni 900. Na tofali la mwaka ule laingiana na la leo.

Je, tofali la Denmark na ng'ombe wa Simiyu wana udugu gani? Udugu wao ni huu: vyote viwili humwachia mtoto kazi. Hayo ndiyo yanayokifanya kichezeo kidumu, kiwe cha kale au kipya, cha bure au cha fedha nyingi. Kichezeo kinachofanya kila kitu chenyewe humchosha mtoto upesi.

Kwa hiyo sisemi tuvidharau vitu vya dukani. Msimu wa pamba ukiwa mzuri, baba akimletea mwanawe motokaa ya plastiki kutoka mjini, amefanya vema. Nimepata kuona motokaa ya namna hiyo ikivunjika siku ya tatu. Mwenyewe alilia kidogo, kisha akayang'oa magurudumu yake akayatia katika gari lake la waya, na gari hilo likaenda vizuri kuliko yote kijijini. Hata simu, ambayo siku hizi watoto huililia, yaweza kuwa na faida yake. Ila isiachwe ikala saa zote za mchezo, maana mkono usiofinyanga haujifunzi.

Lakini angalieni hatari. Vichezeo vingine vya siku hizi vina betri ndogo ya mviringo mfano wa kifungo. Mtoto akiimeza yaweza kumchoma koo ndani kwa muda wa saa mbili tu. Mpelekeni hospitali mara moja, msingoje kesho. Nanyi watoto, msifuate udongo kwenye kingo za lambo lenye kina, wala msisukume magurudumu yenu katika barabara ya malori.

Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, na Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Kifungu chake cha 31 chasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Basi mzazi, mtoto wako akiisha kuchunga, kuteka maji na kusoma, mwachie saa yake. Mpe kipande cha waya, kitambaa kikuukuu, au gunzi. Na ukilikuta kundi lake la udongo njiani, lizunguke, usilikanyage.

Wahenga walisema, "Udongo uwahi ungali maji." Tumezoea kulitumia neno hilo kwa malezi ya watoto, nalo ni kweli. Lakini jioni ile nyuma ya nyumba niliona ya kuwa watoto nao wanafinyanga, na kitu wanachokifinyanga ni akili zao wenyewe. Tusiwavunjie.