Gunia la Lumbesa na Neno la Mungu

(Haya ni mazungumzo ya mzee mmoja wa kanisa kwa wakulima na wachuuzi, Kariakoo, Dar es Salaam.)

Leo tutasoma Biblia tukiwa na gunia mbele yetu. Najua wengine mnasema moyoni, mzee huyu vipi, gunia na kanisa wapi na wapi? Subirini kidogo.

Fungueni Mambo ya Walawi, sura ya 19, mstari wa 35 na wa 36. Asiyeona vizuri amsikilize jirani yake anayesoma. Mungu anawakataza watu wake kudhulumu katika kupima. Ametaja urefu, ametaja uzito, ametaja na ujazo. Yaani hakumwacha mtu. Muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo yumo, kwa kuwa anapima urefu. Muuza nyama yumo, na mizani yake. Mama muuza mchele naye yumo, maana kisado ni ujazo. Kisado kilichobonyezwa kitako kikaingia ndani, Mungu anakijua.

Sasa twende kwenye gunia. Hapa nataka tukae.

Lumbesa mnaijua wote. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linaongezewa kichwa juu na kushonwa kwa kamba. Linakuwa kama mtu aliyevaa kilemba. Basi hilo linahesabiwa gunia moja! Kwa nini walanguzi wanalipenda? Kwa sababu mara nyingi nauli ya lori, ushuru na ujira wa mchukuzi vinahesabiwa kwa gunia, si kwa kilo. Mwenye lumbesa anapunguza gharama zake zote, na anayelipia ni mkulima.

Tufanye hesabu, maana kisomo tulisoma. Serikali imeagiza gunia la mazao lisizidi kilo 100. Tuseme gunia lako la viazi lina kilo 130, nawe umelipwa bei ya kilo 100. Kilo 30 zimekwenda bure. Ukiuza magunia 10 namna hiyo, umepoteza kilo 300. Hayo ni magunia matatu kamili. Umeyalima, umeyapalilia, umeyavuna, halafu umemzawadia mtu usiyemjua hata jina.

Sasa sikilizeni hila. Wako madalali wanaojua Biblia. Wanasema, eti hata Yesu alihubiri kipimo kilichojaa mpaka kufurika. Ni kweli, iko katika Luka 6, mstari wa 38. Lakini tazameni mstari ule unavyoanza. Unaanza na kutoa. Ni neno kwa mtu anayetoa kwa hiari yake. Hakuna mahali mnunuzi amepewa ruhusa ya kumshindilia mwenzake gunia. Mama akimwongezea jirani yake konzi ya maharage, huyo amelishika neno la Luka. Lakini dalali akikwambia, "Bila lumbesa sinunui," huku anaona viazi vyako vimeanza kuoza, huyo hakupewa. Amenyang'anya.

Sisemi kwamba mkulima ni malaika. Nyanya nzuri zinapangwa juu ya tenga, na zilizooza zinalala chini. Someni Amosi, sura ya 8. Amosi alikuwa mtu wa kijijini kama ninyi, mchunga mifugo na mtunza mikuyu. Aliwakemea waliopunguza kipimo na kuongeza bei, tena wakauza hata takataka za ngano. Sioni kwa nini asingezitaja hizo nyanya.

Kuna na mtu wa tatu anayesahauliwa: mchukuzi. Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliuteka mji huu mwaka 1916, na wapagazi wakawekwa hapa. Soko kubwa lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021, likajengwa tena. Mgongo wa mchukuzi ni ule ule. Katika Mathayo 23, mstari wa 4, Yesu aliwalaumu watu waliowatwika wenzao mizigo mizito, na wenyewe hawakutaka kuigusa hata kwa kidole. Pale alisema habari za amri za dini. Lakini mchukuzi wa Kariakoo nadhani ataielewa sura hiyo upesi kuliko mimi.

Mtaniuliza, nikikataa lumbesa si dalali ataenda kwa jirani? Ataenda. Anayekataa peke yake atalala na viazi vyake. Kwa hiyo kaeni kijiji kizima mkubaliane, nunueni mizani moja, muuze kwa kilo. Mkilazimishwa, Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, una ofisi mikoani. Pelekeni habari huko, tena kwa maandishi. Kuandika si mnajua?

Na ninyi madalali mliomo humu, mnamkumbuka Zakayo. Luka 19, mstari wa 8: aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Mimi leo siwadai mara nne. Anzeni na zile kilo 30.

Tumeazima mizani kwa jirani, iko pale mlangoni. Haya, leteni gunia la kwanza.