Tazama Maji Kwanza: Maneno Juu ya Mvuke wa Kupasha Nyumba Moto



Wako jamaa zetu waliokwenda kufanya kazi Marekani, na baadhi yao hutunza majumba. Katika miji kama New York na Chicago majumba mengi ya zamani hupashwa moto kwa mvuke wakati wa baridi. Mtu aliyetoka kwetu hajapata kuona chombo hicho, naye aweza kupewa funguo zake siku ya kwanza. Sisi wa reli twaujua mvuke tangu zamani, basi yafaa tuueleze.

Chini ya nyumba mna boila yenye maji. Moto huyachemsha, na mvuke hupanda kwa mabomba mpaka vyumbani. Kila chumba kina rejeta ya chuma, nayo ina vali ndogo ya kutolea hewa. Hewa hutoka kwanza. Mvuke ukifika, vali hujifunga. Mvuke ukigusa chuma baridi hugeuka maji tena, nayo hurudi kwenye boila. Katika namna iliyo rahisi, bomba ni moja tu, la kupandia na la kushukia.

Kwa hiyo rejeta iinamie kidogo upande wa bomba. Vali ya bomba ama ifunguliwe yote ama ifungwe yote. Ikiachwa nusu, maji hukwama, na mvuke huyapiga kwa kishindo kama nyundo. Rejeta ikiwa baridi na nyingine zina moto, tazameni vali ya hewa, pengine imeziba. Msiongeze nguvu ya mvuke.

Boila ya nyumba yatosha kwa ratili 2 au chini yake kwa kila inchi ya mraba. Injini zetu za aina ya 59, zilizojengwa Manchester mwaka 1955 na 1956, zilikuwa na ratili 225. Mojawapo, namba 5918, imewekwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Lakini mtu asiidharau ile ndogo, kwa kuwa sheria ya maji ni moja.

Kioo cha maji kionyeshe kati ya nusu na theluthi mbili. Maji yakiisha na moto unawaka, chuma huwa chekundu. Kukitilia maji baridi wakati huo ni kuita mauti, maana maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi kama mara 1,700, na boila yaweza kupasuka. Zima moto, acha ipoe yenyewe, kisha ita fundi.

Injini zetu zilikuwa na kizibo cha risasi juu ya tanuru, kikayeyuka maji yalipopungua. Boila ya nyumba ina chombo cha kuzima moto. Kikiwa cha boya, kifunguliwe mara moja kila juma wakati wa baridi, moto ukiwaka, ili matope yatoke. Moto usipozimika, chombo kimeharibika, na boila isitumiwe mpaka kitengenezwe.

Ndugu, mwenye nyumba aweza kusema, "Tia maji upesi, wapangaji wanalia baridi." Mfanya kazi na akatae. Baridi ya usiku mmoja yavumilika kwa blanketi, lakini watu wanalala juu ya boila ile na watoto wao, na yeye mwenyewe ndiye aliye karibu nayo kuliko wote. Basi mwandikieni jamaa yenu maneno matatu tu: Tazama maji kwanza.