Sakafu Nyumbufu Isiyotoa Harufu: Ganda la Korosho na Joto la Mtwara



Nimepewa heshima ya kusema juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu amekikanyaga tangu alfajiri bila kukifikiri, nacho ni sakafu. Na kwa kuwa walionialika wametaka nizungumze hasa juu ya sakafu za kutandika, zinyumbukazo kama mpira na zisizotoa riha ya kudhuru, naomba radhi nianze mbali kidogo, kwani neno lenyewe lina kisa. Kwa Waarabu waliotuazima neno hilo, maana yake ni dari. Lakini wazee wetu waliojenga nyumba za mawe za Mikindani na Kilwa kwa boriti za mikoko, kokoto za matumbawe na chokaa iliyopondwa ikapondwa hata ikashikana, walijua kwamba dari ya aliye chini ndiyo makanyagio ya aliye juu, na hivyo neno likashuka miguuni likakaa huko. Juu ya chokaa hiyo walitandika jamvi au mkeka wa ukindu, na mwenye nafasi akatandika busati. Laiti tungeweza kurudi huko, mada hii isingehitajiwa. Ila chokaa ile ilitokana na matumbawe yaliyochomwa tanurini, na tangu mwaka 2000, ilipoanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye eneo la kilomita za mraba 650, tumekubaliana kwamba matumbawe hayo yana kazi bora zaidi yakiwa ni maskani ya samaki.

Basi nyumba za saruji zimeenea toka Shangani hadi Msimbati, na mwenye nyumba asiyeyamudu marumaru hununua kwa mita lile zulia la plastiki lililochapwa sura ya mbao au ya vigae, akalitandaza ukuta kwa ukuta. Nakumbuka mwezi mmoja wa Machi nilikaribishwa katika chumba kilichotandikwa zulia la namna hiyo asubuhi ileile, na madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Mwenyeji wangu aliisifu harufu iliyotujaa puani kuwa ndiyo harufu ya upya, nami nikaitikia kwa adabu, hata kichwa kilipoanza kunigonga nikatafuta udhuru wa kuhamia barazani.

Harufu ile inatoka wapi? Plastiki ya vinili kwa asili yake ni ngumu kama bomba la maji, na ili ilale sakafuni kwa ulaini hapana budi ichanganywe na vilainisho vya mafuta, ambavyo kwa miaka mingi aghalabu vilikuwa vya jamii ya thaleti. Vilainisho hivi havifungamani na plastiki yenyewe. Vimo ndani yake kama mafuta yalivyo ndani ya andazi, na kama mafuta ya andazi hujipenyeza nje kidogo kidogo, vikashika vumbi, vikaingia katika hewa na katika viganja vya watoto watambaao. Umoja wa Ulaya ulivizuia vinne miongoni mwake mwaka 2020 katika bidhaa za kawaida za nyumbani. Fauka ya hayo, zulia likitandikwa juu ya saruji ambayo haijakauka barabara, unyevu wenye ukali wa chokaa humega vilainisho hivyo na kuzaa namna ya alkoholi yenye harufu kali, hata ikawa sakafu inazidi kunuka kadiri inavyozeeka, ilhali mwenye nyumba alitaraji kinyume chake. Wala mpira wa viwandani si mtakatifu: uliounganishwa kwa stirini huacha mabaki yake, na ulioivishwa kwa kiberiti hubaki na dawa za kuharakisha uivaji, ambazo ndizo zinazompokea mtu mlangoni mwa duka la matairi.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa maana neno la «utoaji mdogo» wa mivuke hutajwa kwa wepesi mno na wafanyabiashara. Huko Ulaya kipande cha sakafu hutiwa ndani ya sanduku la kioo au la chuma, kikapulizwa hewa safi, na hewa itokayo ikapimwa. Kisha hesabu hufanywa kana kwamba kipande hicho kimetandikwa katika chumba cha mfano chenye sakafu ya mita za mraba 12 na ujazo wa mita za ujazo 30, ambamo nusu ya hewa hubadilishwa kila saa, joto likiwa nyuzi 23 na unyevunyevu asilimia 50. Wajerumani wameweka sharti kwamba jumla ya mivuke isizidi miligramu 10 katika kila mita ya ujazo siku ya tatu, na miligramu 1 siku ya ishirini na nane. Utaratibu ni mzuri, nami siudharau. Lakini nauliza: ni nani hapa Mtwara anayeishi katika nyuzi 23 na nusu ya unyevunyevu? Huenda mtu akaipata hali hiyo mwezi wa Julai, usiku wa manane, kusi ikivuma. Ama mwezi wa Februari, chini ya bati lisilo na dari, adhuhuri, chumba hupita nyuzi 30 kwa urahisi, na kila joto linapopanda mivuke nayo huharakia kutoka. Kweli, kwa upande wa pili, madirisha yetu ya nyavu hupitisha hewa mchana mara nyingi kuliko hiyo nusu ya kila saa. Lakini usiku, kwa hofu ya mbu na ya wezi, tunajifungia, na usiku ndipo mtoto alipo sakafuni juu ya godoro. Cheti cha nyuzi 23 si shahidi wa nyuzi 32.

Sasa tuingie katika mali tuliyo nayo. Wako wanaosema: gesi imepatikana Ghuba ya Mnazi tangu mwaka 1982, na tangu 2015 inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, kwa nini tusifanye polima zetu kwayo? Jawabu ni kwamba gesi ile karibu yote ni methani, na ethani, ambayo ndiyo mama wa plastiki za kawaida, imo kwa uchache. Kuigeuza methani kuwa polima ni safari ndefu ya mitambo mikubwa na mtaji wa kutisha. Wengine hukumbuka mpira wa porini, ule mtambaazi ambao wataalamu wa mimea waliupa jina la Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja, na ambao utomvu wake, ukikunjwa madonge, uliijaza forodha ya Mikindani na ya Lindi mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Biashara hiyo ilikatika kwa mikono yetu wenyewe, maana mtambaazi ulikatwa badala ya kugemwa, na ikamalizwa na mashamba ya Asia kabla ya vita vya 1914 kutanda. Mpira wa mashambani tulio nao leo ni wa Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, bonde la Kilombero, nami nitaurudia.

Mali ninayoikusudia ni ganda la korosho. Mkorosho waliuleta Wareno kutoka Brazili katika karne ya kumi na sita, na katika uwanda wa Makonde umekuwa kama mtu wa nyumbani. Kilo mia za korosho ghafi zikibanguliwa huacha takriban kilo sabini za maganda, na ndani ya ganda, katika vijumba mithili ya sega la nyuki, mna mafuta meusi yafikayo kama robo ya uzito wake. Wabanguaji, ambao wengi wao ni wanawake, wanayajua mafuta hayo kwa vidole vilivyoungua, na ndiyo maana hujipaka majivu au mafuta ya nyonyo kabla ya kushika kazi. Mafuta hayo yakipashwa joto lifikalo karibu nyuzi 200, asidi yake ya anakadi huachia hewa ya ukaa na kugeuka kuwa kadanoli. Kadanoli, mabwana, ni kitu cha ajabu: kichwa chake ni fenoli, ile ile inayotumika kufanyia gundi za viwanda, na mkia wake ni mrefu na mlaini kama wa mafuta ya mbegu, nao una viungo vinavyoweza kushikamana kwa hewa tu. Kwa kichwa chake dunia imekwisha kukitumia siku nyingi, kwani unga wake umo ndani ya breki za magari. Mkia wake ndio unaonipa mimi tamaa ya sakafu.

Zamani za miaka ya 1850 Mwingereza Frederick Walton aliona juu ya kopo la rangi utando ulionyumbuka kama mpira, nao ulikuwa ni mafuta ya kitani yaliyogandishwa na hewa. Akayachanganya na unga wa gamba la mti na ulimbo, akayatandaza juu ya kitambaa, ikawa linoliamu, ambayo hadi leo imo mahospitalini na mashuleni. Mabaharia wetu wapakao sifa ya papa majahazini wameuona utando wa jamaa hiyo, bila ya mtu kuuandikia hati ya uvumbuzi. Mkia wa kadanoli hukauka kwa njia hiyohiyo. Njia ya kwanza, basi, ni kuiga linoliamu kwa kadanoli, nasi unga wa mbao na makumbi ya nazi tunayo, na makonge ya kufumia kitambaa cha chini yako. Njia ya pili ni kuuchanganya mpira wa Kihuhwi na kadanoli iliyogeuzwa iwe kilainisho mahali pa mafuta ya petroli, jambo ambalo watafiti wa Trivandrum, katika jimbo la Kerala, wamelishughulikia kwa miaka mingi. Mimi napendelea hii ya pili kwa shule na zahanati, kwa sababu mpira husamehe makosa ya fundi, na ya kwanza hudai subira, kwani linoliamu huning'inizwa kwa majuma katika chumba cha moto ili ikomae.

Lakini nisije nikawa kama muuza dawa wa sokoni. Kitu kutoka mtini si hoja ya kwamba hakidhuru. Kadanoli isiyotoneshwa vizuri hubaki na kadoli, ambayo ndiyo iwashayo ngozi, na linoliamu yenyewe hutoa aldehidi kwa muda mrefu baada ya kutandikwa. Baya zaidi, njia rahisi ya kuigandisha kadanoli ni kuitia fomaldehidi, na anayefanya hivyo amemfukuza nyoka mlangoni akamwingiza dirishani. Kwa hiyo katika lolote tutakalofanya nasema fomaldehidi isiwemo kabisa, na kipimo kifanywe katika joto letu.

Kizuizi kikubwa, hata hivyo, hakimo katika kemia. Katika miaka ya 1970 nchi hii ilijenga viwanda vya kubangua korosho kwa mitambo ya Kitaliano na ya Kijapani, wakati ambapo mavuno ya 1973/74 yalifika tani 145,000. Mavuno yakaporomoka, viwanda vikanyamaza, na baadhi vikageuzwa maghala. Msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000, lakini sehemu kubwa mno ilipakiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na ganda likaenda pamoja na kokwa yake. Hatuwezi kufanya sakafu kwa ganda lililo Tuticorin huko India. Na kwa viwanda vichache vinavyobangua hapa, ganda aghalabu huishia tanurini kuwa kuni.

Nina maombi mawili, Mheshimiwa Mwenyekiti. La kwanza, lijengwe hapahapa Mtwara sanduku moja la kioo la kupimia mivuke, likiwekwa katika nyuzi 32 na unyevunyevu wa asilimia 80, na mtaalamu mmoja afundishwe kulitumia, kabla kipande cha kwanza hakijauzwa kwa mtu. La pili nawaelekezea wenye viwanda walioketi humu: msimu hufunguliwa Oktoba, tafadhalini, katika maganda ya msimu ujao, kila kiwanda kitenge magunia kumi yasiyochomwa, yakae pakavu, yakitungoja.