Vijana Wetu na Kazi ya Ufundi

(Maneno yaliyosemwa na fundi mmoja wa reli katika mkutano wa tawi)



Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni tu, kwa hiyo nitasema niliyoyaona.

Jioni moja nilimkuta kijana wa jirani yangu wa landhini kando ya njia, amebeba mfuko wa bolti za maungio ya reli. Alikuwa wa kidato cha pili, lakini alirudishwa nyumbani mara nyingi kwa ajili ya karo hata akaacha kwenda shule. Nikamwuliza, "Wajua hizi hufanya kazi gani?" Akajibu, "Sijui, Fundi. Najua bei ya kilo tu." Ndugu zangu, baba yake hupita juu ya njia ile ile kila siku akiwa kazini.

Nilimwita baba yake, na msimamizi wa njia akaarifiwa. Bolti ziliporudishwa mahali pake, kijana alisimama akitazama jinsi zinavyofunga reli mbili, akauliza maswali mengi. Baba yake akakopa katika chama cha akiba, akamtia katika chuo cha ufundi cha kaunti. Alijifunza kuchomelea vyuma, akafaulu mtihani wa ufundi wa Gredi ya Tatu. Leo ndiye amlipiaye dada yake karo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa juu ya vijana wamalizao shule wasipate kazi, na baadaye vikafunguliwa vyuo vya ufundi vijijini. Lakini chuo chafaa nini ikiwa mlango wa karakana umefungwa?

Wengine mwasema, "Wanagenzi watachukua kazi zetu." Hofu hiyo ina sababu, maana wako waajiri wampao mwanagenzi ufagio mwaka mzima, au kumtumia kama kibarua wa bei rahisi. Basi chama na kidai mapatano ya maandishi. Kwanza, kila mwanagenzi awe na fundi wake. Pili, apewe nauli na chakula. Tatu, apelekwe kwenye mtihani wa ufundi. Nne, aliye bado shuleni aje wakati wa likizo tu, wala asiwekwe penye mitambo ya hatari.

Mwajiri asiseme hana fedha. Amri ya mwaka 2007 ilimtoza shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani, wala hana ruhusa kuzikata katika mshahara wetu.

Nasi tusifiche ujuzi. Mimi nilishikwa mkono na mzee aliyenionyesha namna ya kushika tupa. Kabla ya mkutano ujao, kila fundi alete kwa katibu jina la kijana mmoja wa mtaani kwake. Langu nimekwisha kuliandika.